Redio Aliwaamsha Walimu, Sasa Wanataka Arudie

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie, maana furaha imeniletea mtihani ambao mimi mwalimu mzima siuwezi. Ninasimamia darasa la kidato cha pili, na humo nina binti tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, na juzi walimu wa shule za jirani walipokuja kwetu kwa semina, kiranja aliyepangwa kuwakaribisha akakauka sauti kwa mafua, basi nikamsukuma Redio jukwaani nikijua atasema 'karibuni' kisha ashuke, kumbe mwenzangu, mtoto alikuwa na yake.

"Walimu wetu," akasema, "mkituuliza 'mmeelewa?' tunaitikia 'ndiyo' ili mwendelee. Tuulizeni tumekwama wapi."

Ukumbi ukacheka. Akamgeukia mwalimu wa fizikia, mzee wetu anayengojea kustaafu.

"Mwalimu, siku ile umeme ulipokatika uliweka chaki chini, ukatufundisha mwanga kwa tochi na kioo. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Tuliona unaipenda kazi yako. Tunaomba tuyaone tena mapenzi hayo."

Mshauri, yule mzee alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, na kesho yake nikamkuta maabara amekunja mikono ya shati anapangusa meza zilizolala na vumbi, na sasa wanafunzi wa madarasa mengine wanachungulia dirishani kumsikiliza, na hata mimi nimeanza kuuliza "umekwama wapi?" na majibu yao yananifanya niandae masomo upya kwa hamu niliyodhani imekwisha, yaani natembea kifua mbele utadhani nimemzaa mimi.

Tatizo, mkuu wa shule anataka Redio azungushwe shule zote arudie hotuba ileile, na bibi yake anayemlea ameshakubali kwa fahari, mpaka gauni amemshonea, ila mwenyewe kanifuata chumba cha walimu, ananong'ona: "Mwalimu, wameniandikia hotuba. Wanataka nitue palepale, nitabasamu palepale. Mimi nilikuwa naongea na nyinyi. Hao wa shule nyingine siwajui."

Nikimpinga mkuu, ataniona nina wivu. Nikinyamaza, namzima mtoto. Nifanyeje?

Mwalimu wa Redio

*

Mwalimu,

Kwanza hongera, na usione haya kutamba. Mwanafunzi asiyeogopa kuwaambia walimu wake ukweli, tena kwa heshima, kalelewa vizuri, na mkono wako umo.

Ila nakushangaa. Mwenye hotuba amekuja kwako wewe, si kwa mkuu, akakwambia hataki. Unangoja nani mwingine aseme?

Kesho asubuhi ingia ofisini kwa mkuu. Mshukuru kwa kumjali mwanafunzi wake, halafu mwambie hapana bila kumung'unya maneno. Akikuona una wivu, akuone. Shule nyingine zikitaka kusikia, nendeni wewe na mzee wa fizikia mkaeleze mlichobadilisha. Wenzenu watawaamini, mnashika chaki kama wao. Na mkifika huko, waombeni wamsimamishe mwanafunzi wao wenyewe, aseme yanayowahusu, nao watulie wasikilize.

Bibi mfuate nyumbani, usimwite shuleni kama mkosaji. Lisifie gauni, kwa sababu bila shaka ni zuri, mweleze alichokwambia mjukuu wake, na umwombe amvalishe siku ya wazazi.

Redio mwambie hivi: "Ulitusaidia. Ukiwa na jingine, tupo." Usiongeze neno.

Kisha ingia darasani ufundishe. Mtoto yule aliomba walimu, nanyi mnamletea wapiga makofi.