Sinema za Salgaa Hazina Marehemu

Alhamisi, 6 Machi 2025

Nimeitwa timu! Natalie, tunayeuza naye dawa za ng'ombe pale agrovet, amesema kwa trivia, yale mashindano yao ya maswali kwa baa ya Milimani, wanakosa mtu wa sinema. Obura anajua mpira. Natalie mwenyewe anajua maselebu, nani ameachana na nani. Eti mimi naweza? Mimi?! Mimi nimelelewa ndani ya video! Baba alikuwa na ukumbi wa video Salgaa, benchi kumi na mbili, na jioni madereva wa trela wakijaa anashika maiki anawatafsiria Kizungu neno kwa neno. Hakuna sinema ya vita nisiyoijua. Miaka yote hii nimebeba maarifa bure tu, leo kuna mtu anayataka. Ni leo jioni. Nimepiga pasi ile blauzi ya kijani.

Ijumaa, 7 Machi

Mtu mzima ovyo!

Swali: ile sinema ya komando wa darajani inaishaje? Nikamnyang'anya Obura kalamu. Nikaandika: anaoa binti ya jenerali, wanafungua posho mill. MC Lynn akasoma jibu langu kwa maiki. Mara mbili! Watu walicheka mpaka weita akaweka trei chini. Eti komando alikufa. Alikufa wapi? Mimi najua mpaka keki ya harusi yake!

Natalie alinivuta kando pale stage ya matatu. Halafu akasema Alhamisi ijayo ni fainali, na jibu lingine la kujitungia, kiti changu kinaenda kwa Bethwel. Bethwel! Mtu wa kuangalia katuni!

Jumamosi, 8 Machi

Nimezitafuta zile sinema za Baba kwa simu, moja moja, nikaangalia mpaka mwisho. Komando alikufa. Mbwa wa polisi alikufa. Yule daktari wa meli — kwa Baba alizaa mapacha, Nabalayo na Wekesa — kumbe hata nchi kavu hakufika. Watu sita wamenifia siku moja na hakuna wa kuniambia pole. Nimelia mpaka Chepkurui wa nyumba ya pili akaniletea uji. Nikamwambia ni msiba wa ukoo. Ningemwambia nini?

Na sasa nakumbuka. Kila sinema, ikibaki kama dakika kumi, Baba alikuwa anazima mashine. Jenereta imechoka, anasema. Halafu anamalizia kwa mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Nilitoka kanisa nikaenda Salgaa moja kwa moja. Nilikuwa nimeenda kugomba. Nikamuuliza kabla hata chai haijapoa: hiyo jenereta yako, ilikuwa inachoka kweli?

Baba akakoroga chai ambayo haina sukari. Akasema Kizungu chao kilikuwa kinapita mbio sana, mahali pengine alikuwa anajazia. Nusu hivi. Baadaye akasema robo tatu. Halafu akaweka kijiko chini, akasema wale watu walikuwa wanatoka kwa benchi yake wanaenda kushuka ule mteremko wa ajali na trela. Akiwaambia shujaa amekufa, watashuka na nini?

Nikajikuta nimemwambia kuhusu fainali. Sasa anakuja! Ameuliza kama avae suti.

Jumatano, 12 Machi

Nimeangalia nane zaidi. Hata mama wa treni! Breki zinakatika, anaokoa abiria wote, yeye anaingia mtoni na injini. Kwa Baba aliruka, akaangukia shamba la sukuma wiki, akaamka akapangusa sketi. Nimeandika miisho yote ya kweli kwa daftari, nimekariri kama mtoto wa mtihani. Kiti hiki siachi. Lini mtu amewahi kuniuliza kitu isipokuwa bei ya dawa ya kupe?

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa chooni, haraka haraka.

Tuko sare na meza ya watu wa benki. Swali la mwisho: Lynn anaonyesha kipande cha sinema, kinakatwa kabla ya mwisho, timu ziandike inavyoisha. Kuangalia hivi — mama wa treni! Nimemkanyaga Natalie kwa furaha. Lakini spika za sinema zikakataa. Picha tu, kimya. Na Baba na sinema kimya, wapi! Akainuka na suti yake ya mazishi, akamwambia Lynn, hebu lete hiyo maiki, mama. Na akapewa!

Jameni. Huyo mama sasa anaitwa Eucabeth na ana mume mvivu Mai Mahiu. Weita wamesimama. Watu wa jikoni wametoka na aproni. Picha imekatwa kitambo, yeye bado anaendesha treni! Na meza ya benki wanaandika kila neno, wanaamini!

Kwa hivyo ni mimi peke yangu ninayejua. Neno moja tu, alikufa, na tumeshinda. Kiti ni changu. Lakini fainali kila timu inasoma jibu lake kwa maiki, na timu yetu msomaji ni mimi. Nitaipokea kutoka mkononi mwa Baba. Niseme alikufa, yeye akinitazama. Nimechukua karatasi ya jibu nikakimbia nayo huku.

Namsikia kwa dirisha. Treni imefika kwa mto. Sauti yake ni ile ile ya nikiwa mdogo, sikujua bado anayo. Kuna mzee anapiga kelele kutoka nyuma kabisa: ruka, Eucabeth! Ruka, mama!

Karatasi bado nyeupe.

Natalie anagonga mlango. Anasema Lynn anakusanya majibu, dakika imebaki moja, niseme tu — amekufa ama hajakufa?

Nimemwambia bado.