Mume Wangu Ametangaza Karama, Boila Haijajaribiwa

Mpendwa Bibi Mshauri,

Naomba unisaidie kwa sababu kichwa kinanipasuka na hapa kwetu Kambi Muru sina wa kumwambia. Mume wangu Abdelrahim ni mnyapara wa boila katika kiwanda kipya cha sabuni kinachojengwa upande wa reli, yeye ndiye atakayewasha moto wa kwanza, na sisi Wanubi wa Kibra kitu kipya hakianzi bila karama, yaani karamu ya dua, basi Ijumaa baada ya sala akasimama mbele ya wazee akatangaza kwamba karama itafanyika pale pale kiwandani Jumamosi ya wiki kesho, mbuzi wachinjwe, kina mama wapige ngoma yetu ya doluka, na mvuke utoke watu wote wakiona, na bwana meneja aliposikia akafurahi kweli, akasema basi siku hiyo ndiyo ya kufungua kiwanda. Wallahi nilijivuna, nikaenda nyumba kwa nyumba kualika.

Sasa juzi Nderitu, fundi wa mabomba anayekaa Kawangware, amenikuta sokoni akaniambia, "Mama, mzuie mzee wako. Mabomba hatujapitisha hata maji, na ile valvu ya kuachia mvuke ukizidi haijafika, wameziba tundu lake kwa chuma. Nimemwambia, akaniita mwoga. Mimi siku hiyo siji." Nilipomuuliza mume wangu akasema ni kweli, lakini karama ikishatangazwa haiahirishwi, baba yake alikuwa sajini wa Keya, jeshi la Waingereza, na hakurudi nyuma hata siku moja, na yeye hatakubali kuchekwa Kibra nzima, na nikifungua mdomo kwa wazee au kwa bwana nihesabu nimepewa talaka. Na Mabruka, mama yake mzazi, ndiye anayeongoza doluka, nao wamepangiwa kusimama kando ya ukuta wa boila eti kwa sababu pana kivuli. Nina watoto, wazazi wangu walishafariki, nikinyamaza naona maiti, nikisema naona mlango unafungwa nyuma yangu. Nifanye nini?

Saadia

JIBU

Saadia dada, pole sana. Majina nimeyabadilisha, usiogope. Sasa futa machozi unisikilize, maana nyumba yenu nzima imenitia hasira.

Mumeo amechagua siku ya kula kwanza, halafu anataka chuma kimtii. Boila haijui kama baba yake alikuwa sajini! Nawe ukazunguka kualika watu bila kuuliza hata swali moja. Huyo bwana meneja msimtegemee, kazi yake ilikuwa kuuliza kama mtambo uko tayari, yeye akauliza karama ni lini. Mwenye akili hapo ni Nderitu peke yake, na ndiye mumeo aliyemwita mwoga.

Usibishane na mumeo habari za mabomba, hatakusikia. Karama iko mikononi mwenu wanawake, bila sufuria zenu na doluka yenu hakuna karama. Leo hii, kabla hujabandika chakula cha mchana, nenda kwa Mabruka. Yeye si mzee wa msikiti wala si bwana, kwa hiyo katazo la mumeo hujalivunja. Mwambie waziwazi: mama, wanataka kuwasimamisha kando ya boila iliyozibwa tundu la kupumulia. Amwite mwanawe amwambie, "Karama imesogezwa, nimesema mimi niliyekuzaa." Hapo Kibra hakuna atakayemcheka mwanamume kwa kumtii mama yake.

Siku ikisogea, valvu ingojewe mpaka ifike na ifungwe mahali pake. Mabomba yapitishwe maji baridi, yanapovuja pakazwe. Kisha uwashwe moto mdogo, valvu ijaribiwe kama inaachia, na asiye na kazi pale asikanyage hata geti. Mtambo ukitulia, ndipo mchinje mbuzi wenu.

Mabruka akikataa, nenda kwa wazee, nenda kwa bwana, piga kelele getini mpaka watu wajae. Najua atakupa talaka. Kwa talaka moja mume huweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Eda ya kufiwa, Saadia, utaikaa ukimngoja nani?