Dhiraa ya Msellem

Malindi,
14 Rajab 1331

Mpendwa shemeji yangu Amin,

Nakusalimu kwa salamu zisizo na upungufu, wewe na wote walio nyumbani kwako Unguja. Je, ile homa imekuacha? Mama yenu, Bi Nana, kila baada ya sala huuliza kama umeandika. Sisi tu wazima, twamshukuru Mungu.

Kamba uliyonitumia imefika, na kabla ya neno jingine lolote, ahsante sana.

Wajua nduguyo Msellem, Mungu amrehemu, aliacha mchoro wa chuo cha biashara ubaoni: chumba cha dhiraa sita kwa kumi na sita, meza ya duka mbele, na dirisha kubwa kando ya mizani ili muuzaji na mnunuzi wote wauone ulimi wake. Ghala alitaka litobolewe juu, ufuta upate hewa. Bwana Lakhamshi alitoa meza ya dukani kwake. Boriti Msellem alizichagua mwenyewe, moja moja, wiki mbili kabla ya kufariki.

Fundi Thoya wa Jilore akaanza kujenga. Kuta zilipofika magotini alijaribisha boriti, zikazidi kwa shibiri na zaidi. Akashika msumeno.

"Tuzikate tu, Bibi. Mti haulii."

Nikamzuia asikate hata moja. Nilikumbuka Msellem alipochora alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Thoya naye alipima kwa wake.

"Mkono wangu ndio huu nilioumbiwa," akasema. "Niuvute?"

Bi Nana akamjibu toka barazani, "Mwanangu alikuwa mnazi, baba. Wewe mkindu!"

Thoya alicheka hata akaketi juu ya mawe. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Ndipo ilinijia siku ya harusi yetu, wewe na Msellem mlivyolaza mikono yenu juu ya sinia tupu la halua kushindana, isipitane hata ukucha. Kwa hiyo nikakuomba kipimo cha mkono wako kwa kamba.

Kuta mbili zilivunjwa, zikajengwa upya kwa kamba yako, na Thoya hakunung'unika. Leo boriti zimelala pahali pake, wala hakuna iliyokatwa.

Jana nilimwomba achonge alama mbili ukingoni mwa meza, mwanzo na mwisho wa kamba, ili wanafunzi wote wapime nguo kwa dhiraa moja. Alipomaliza nililaza mkono wangu pale. Haukufika. Nilifurahi, shemeji. Kila atakayejifunza biashara humo atapima kwa mkono wa Msellem.

Kamba sikurudishii. Uniwie radhi.

Nisalimie mkeo Kabibi na watoto. Bwana Lakhamshi na mkewe Gomti wakusalimu, na Thoya pia, asema mkono wake bado haujarefuka. Mungu aulinde mkono wako, na mwenye mkono.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa shukrani,
Shekha