Kaka, Ukurasa Ule Ulikudanganya

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za wote hapa nyumbani. U hali gani? Kifua kimepona, au bado unakohoa na dawa hununui? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini anakula, na ulimi wake haujapungua makali. Mimi nina afya, ila moyo umechafuka. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zetu hupokei.

Unajua ofisi yetu ndiyo iliyotengeneza ule ukurasa wa hospitali, ambamo ndugu anaingiza namba ya mgonjwa na kusoma hali yake. Majedwali ya kumbukumbu niliyapanga mimi. Kumbukumbu zenyewe zinakaa kwenye mtambo mkubwa wenye shughuli nyingi, kwa hiyo yale yanayoulizwa kila mara tunayatolea nakala na kuiweka karibu, ukurasa ufunguke haraka. Nikatenganisha. Jina, wodi, saa za kutazama wagonjwa, hayo hayabadiliki ovyo, yakae kwenye nakala. Hali ya mgonjwa nikaipa jedwali lake peke yake, isomwe kwenye mtambo wenyewe kila inapoulizwa. Mtu anaweza kuzidiwa wakati wewe unakoroga chai.

Sasa kuna mkuu wetu, tunamwita Chapuchapu. Siku ya kuwaonyesha wakubwa wa hospitali, ukurasa ulichelewa kidogo kufunguka, akaona aibu. Akaunganisha majedwali yangu, hali ikaingia kwenye nakala pamoja na jina, tena akaagiza kila nakala ikifunguliwa iongezewe saa nzima ya kuishi kabla ya kuchukuliwa mpya kwenye mtambo. Nilipinga mbele ya watu. Akanijibu kwamba mgonjwa si bei ya nyanya, habadiliki kila dakika. Wenzangu wakacheka, nami nikahamishiwa kazi nyingine. Kasi hiyo wakaisherehekea kwa keki. Lo! Nikiikumbuka ile keki natamani kutapika. Baadaye akatuapia kwamba ameurudisha mpangilio wangu, nami mjinga nikaamini.

Turudi kwa siku ile ya baba. Mama alikupigia mchana kutoka wodini, akakuambia uje, baba amezidiwa na anakutaja. Ukamjibu kwamba umetazama sasa hivi, wameandika anaendelea vizuri, asijitie hofu, utakuja Jumamosi. Jioni baba akakata roho. Msibani ulipojitetea kwamba uliona kwa macho yako, shangazi aliufungua ukurasa mbele ya wote, akasoma kwamba amefariki, akasema una moyo wa jiwe na uongo juu yake. Mama akakunyima mkono. Ukaondoka hujala.

Wiki iliyopita malalamiko juu ya ukurasa yalizidi, nikarudishwa kuutazama. Hakuwa amerudisha chochote, mwongo yule! Nikaitafuta siku ya baba. Muuguzi aliandika kabla hata mama hajakupigia, kwamba mgonjwa yu mahututi na ndugu waitwe. Lakini simu yako ilikuwa inaufungua ukurasa kutwa nzima, saa haijaisha unafungua tena. Kaka, kila ulipofungua, ile habari ya asubuhi ikaongezewa saa nyingine. Ungeacha kumuulizia baba kwa saa moja tu, nakala ingekufa na ungeuona ukweli, kama shangazi alivyouona msibani ulipokuwa umeshaacha kufungua.

Nilimpelekea Chapuchapu. Akasema ni hitilafu ndogo, nisiitaje nje, mkataba unakaribia kutiwa saini upya. Huku anachokonoa meno! Ptuu! Naona kinyaa hata kugusa kitasa alichokishika. Nimewaandikia hospitali mwenyewe, hali za wagonjwa zimeondolewa kwenye nakala, na kazi nimeacha.

Jana nikawakalisha mama na shangazi nikawaeleza. Mama hakujali habari za majedwali. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli ulikuwa unafungua. Nikamwambia kutwa nzima, hata baba alipokwisha kutuacha. Akafunika uso kwa viganja, akasema kumbe mwanawe alikuwa anamuulizia baba yake, na yeye amemfukuza.

Shangazi anakusalimu, kwa sauti ndogo. Mama hataki simu, anataka akuone kwa macho. Ameshakutandikia kitanda, na mtu mwingine haruhusiwi hata kukikalia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira zake,
Kitindamimba