Mstari wa Kwanza wa Karatasi

Nyamuswa, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Eliud,

Habari za Musoma na za kazi? Huku tuna uzima, ila Ghati kifafa hakijamwacha. Vidonge vya kliniki ya Butiama vimekipunguza, lakini darasani analalaga mpaka wenzake wanamwita Godoro. Mwaka huu mwalimu ameacha hata kumwamsha.

Bunda kuna mama mmoja, Mama Jeska, anauza mafuta ya CBD. Anasema yanatoka kwenye mmea wa jamii ya bangi lakini hayaleweshi, na yametuliza watoto wengi. Anasema mtoto akianza mafuta, vidonge aache, haviendi pamoja. Nesi sijamwambia. Nitaanzaje kumtajia bangi?

Chupa imekuja na karatasi ya maabara, Kiingereza na namba tupu. Wewe hapo kiwandani kila siku unasoma karatasi za vipimo vya samaki. Nimempa Gody, kondakta, akufikishie. Isome, uirudishe kwake. Ukisema mafuta ni mabaya, namwaga. Ukisema ni mazuri, vidonge naacha.

Dada yako,
Marcelina

Musoma, 7 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, zamu tu ni ndefu, sangara wamekuwa wengi.

Karatasi nimeisoma nikiwa mezani kwangu. Risasi, zebaki, bakteria, sumu za wadudu, kote wameandika ND, maana yake kipimo hakikuona kitu. Ile sehemu ya kulewesha nayo ni ND. Mhuri upo, sahihi ipo. Angekuwa samaki ningempitisha bila kumuuliza mtu. Chupa tu usitembee nayo barabarani, polisi hawatasoma karatasi.

Kuhusu vidonge, wewe ndiye mama yake.

Nimeipiga picha, ya kwako anayo Gody. Mwambie Ghati namtunzia kichwa cha sangara.

Mdogo wako,
Eliud

Nyamuswa, 13 Machi 2024

Mdogo wangu Eliud,

Pole na zamu. Sisi leo ni wazima kweli, siandiki kwa mazoea.

Vidonge niliacha Jumamosi, karatasi iliporudi. Siku mbili za kwanza sikuona tofauti. Juzi mwalimu kaniita nikajua ni mashtaka, kumbe Ghati amepata hesabu nane kwa kumi. Aliyemwita Godoro kapata tatu. Ghati kamuuliza, "Sasa nani alikuwa amelala?" Nilicheka njiani peke yangu.

Hajaanguka hata mara moja. Anauliza kichwa cha sangara kinakuja lini.

Dada yako,
Marcelina

Musoma, 15 Machi 2024, asubuhi

Dada,

Shikamoo. Mrudishie Ghati vidonge leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Nimepiga simu yako toka jana haipatikani. Najua unaichajisha senta siku ya gulio tu, ndiyo maana nampa Gody karatasi hii.

Nilikosea kusoma. Jana nilikuwa namfundisha Hilda, msichana mpya wa maabara, nikamwonyesha ile picha kama mfano. Akaniuliza, "Kaka, dawa yenyewe ni mstari upi?" Ni mstari wa kwanza, juu kabisa. Cannabidiol, ndiyo hiyo CBD. Nayo wameandika ND. Mimi nilianzia kwenye uchafu kama ninavyofanyaga kila siku. Kwenye samaki hatuna mstari wa kuuliza kama samaki yumo.

Mafuta yaliyopimwa ni safi na hayana dawa. Kuchangamka kwake ni kwa sababu vidonge vimemtoka mwilini, na mwenye kifafa akivikatishwa ghafla ni hatari. Hilo nilipaswa kuliandika mara ya kwanza.

Halafu angalia namba ya toleo kwenye chupa. Ya karatasi ni 0392. Zisipofanana, karatasi hiyo si ya chupa yako.

Nitakuja Jumapili zamu ikiisha.

Mdogo wako,
Eliud

Nyamuswa, 2 Aprili 2024

Eliud,

Nimeamka. Wewe nadhani umeamka pia.

Barua yako ya tarehe 15 Gody kanipa leo. Basi liliharibika siku hiyohiyo, likakaa gereji Bunda, barua ikiwa ndani. Ameomba radhi sana. Yeye hakujua kilichoandikwa.

Ghati alianza kutetemeka Jumamosi ya tarehe 16 tukichambua mtama, na hakuacha. Tulimpakia bodaboda katikati yangu na dereva. Butiama walimpokea haraka, wakahangaika naye, lakini muda ulikuwa umepita. Haya unayajua, nilikusimulia ulipokuja kuzika. Ulilala hapa siku nne. Ulibeba jeneza. Nilikwambia labda Mungu alimtaka, ukaitikia kwa kichwa, barua hukuitaja.

Barua uliandika tarehe 15 asubuhi. Musoma mpaka hapa hata saa mbili haziishi. Uliipandisha karatasi kwenye basi, wewe ukabaki na samaki.

Umeuliza namba ya chupa. Ni 0417. Karatasi uliyoikosea mara ya kwanza na kuipatia mara ya pili haikuwa ya mafuta ya Ghati. Alichokunywa siku zile nane hakuna anayekijua.

Vidonge vilivyobaki nimevirudisha kliniki. Nesi aliuliza kwa nini ni vingi hivyo. Nikamwambia nilimpa mtu anisomee karatasi.

Usije arobaini.

Mama Ghati