Handaki la Mzee Semdoe

Mjukuu wangu Zaina,

Pokea salamu zetu kutoka huku mtaani kwetu Point, karibu na bandari. Bibi yako anakohoa kidogo, mjomba wako kahamia kitongoji cha Queensburgh.

Unauliza kwa nini matajiri wa kale huko Uingereza walizungushia nyumba zao mahandaki ya maji, ambayo leo yamebaki mabonde ya majani mashambani. Mwalimu wako anasema ilikuwa fahari tu. Mimi simwamini. Najenga kuta ndefu za kuzunguka nyumba za watu mtaa wa Overport; wote wanaogopa wezi, ila hakuna aliyewahi kuniambia anaogopa.

Ujanani, kule Handeni, Mzee Semdoe alituchimbisha sisi vijana wa kijiji handaki kuzunguka nyumba yake iliyokuwa juu ya kilima. Alisema ni la mvua.

"Mvua gani inapanda mlima?" mwenzangu Shomari alininong'oneza. "Huyu anatuogopa sisi."

Basi nasi tukamwogopa. Hakuna aliyevuka ubao aliouweka kama daraja la handaki kwenda kupiga hodi.

Kisha mama yake akafariki. Tulikwenda kuzika, tukasimama ng'ambo ya handaki. Jeneza hubebwa mabegani na watu wengi, na ubao ule ulitosha mtu mmoja. Semdoe alitutazama kama anayetafuta mwizi. Halafu akachukua jembe, akaanza kufukia.

Shomari akavuka. "Lete hilo jembe, mzee. Wewe kakae na mama."

Ukiyapita hayo mahandaki ya huko, tafuta mahali palipofukiwa.

Ni mimi babu yako,
Hamisi