Mgomba Kwenye Shimo la Gofu

Sindo, Jumanne, 1996

Na bado nampenda, hata kama leo Ouma wangu amezika kazi yake mwenyewe.

Mchoraji wa uwanja wa gofu alikuja tena kutuambia kwamba watalii watavuka bahari kuja kupiga mpira kwenye malisho yetu. Alikuwa amemwahidi Ouma usimamizi, nasi tungejenga nyumba, tutoke kwa mama mkwe.

Leo mchoraji akachimba shimo la mfano karibu na boma.

"Nani amekufa?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna, mama," mchoraji akajibu. "Mashimo yatakuwa kumi na manane, yote wazi."

"Kumi na manane! Unataka kutumaliza? Shimo likikosa maiti hutafuta mtu!"

Mama mkwe akakata kipande cha mgomba, akakizika humo badala ya maiti, kwa maombi. Mchoraji, maskini, akavua kofia kwa heshima. Alipoelewa, akamwamuru Ouma akifukue, la sivyo kazi hana.

Ouma wangu! Akachukua jembe, akaongeza udongo juu.

Baadaye akaniita kwa jina la nilikozaliwa, akaninong'oneza, "Nyar Uriri, nyumba tutaijenga kwa matope yetu wenyewe."

Nikayeyuka kabisa. Ni sasa tu nimekumbuka kwamba matope hayo nitayakanda mimi.